Kununua Baiskeli Iliyokwisha Tumika: Pima Mwili Kabla ya Kutazama Rangi

Kila mavuno yanapokwisha na karafuu zikalipwa, wanachama huja ofisini kututaka shauri juu ya matumizi ya fedha zao. Hapana mwaka upitao bila ya baadhi yao kutuuliza juu ya baiskeli. Ni kweli kwamba siku hizi pikipiki zimejaa njiani, lakini pikipiki hula mafuta kila siku, msimu uwepo usiwepo. Baiskeli hula jasho la mwenyewe na grisi kidogo tu. Na kwa kuwa baiskeli mpya ni ghali, wengi wetu hununua iliyokwisha tumika, ama kwa jirani, ama kwa fundi, ama katika zile ziletwazo kwa meli kutoka Ulaya na Japani.

Makala hii tumeiandika kwa ajili ya wanachama hao. Hatutaki kusifu kiwanda fulani wala kulaumu kingine. Twataka kueleza namna ya kuchagua baiskeli ya barabarani itakayomkaa mtu kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo chake, aipande kutwa asiumwe mgongo wala magoti.

Tuanze kwa kosa letu wenyewe, maana si vizuri mtoa shauri kuficha lake. Misimu michache iliyopita Halmashauri ilinunua baiskeli tatu zilizokwisha tumika kwa ajili ya makarani wa matawi. Tulizichagua sisi, si wao. Tulitazama rangi, tukapiga kengele, tukapatana bei, tukazipakia garini. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, mistari yake ya dhahabu bado yang'ara. Hiyo tukampa karani wa tawi la mbali kwa kuwa ndiye mwenye safari ndefu. Hatukufikiri kwamba yeye ndiye mfupi kuliko wenzake wote.

Alikishusha kiti mpaka mwisho, na bado alifikia pedeli kwa ncha za vidole. Siku moja ya mvua za vuli alikuwa amefunga kwenye keria gunia la karafuu la mwanachama mmoja mgonjwa, akipeleka kituoni. Katikati ya mlima akasimama kupisha gari. Mguu wake ukatafuta ardhi usiipate. Baiskeli ikalala upande wa mzigo, naye akawa chini yake. Alivunjika kifundo cha mkono, gunia likapasuka, na karafuu kavu zikamwagika katika maji ya mtaro. Zilianikwa tena, lakini zilishuka daraja, na Chama kikalazimika kumlipa mwanachama yule kilichopungua.

Tulipokwenda kumtazama karani, mzee mmoja wa Halmashauri alimwuliza, "Mwanangu, mbona hukutwambia kuwa ni kubwa?" Naye akajibu, "Mzee wangu, mlinipa kwa heshima. Ningesemaje?"

Tangu siku ile tumejifunza jambo moja, nalo ndilo kiini cha makala hii. Kiti hubadilishwa. Usukani hubadilishwa. Mipira, breki, mnyororo na pedeli, vyote hubadilishwa kwa fedha kidogo kidogo. Fremu haibadiliki. Ikiwa kubwa kuliko mwili wako itabaki kubwa mpaka uiuze, na rangi yake nzuri haitakusaidia kitu. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

KUPIMA MGUU

Kabla ya kwenda kutazama baiskeli yoyote, jipime nyumbani. Simama ukutani bila ya viatu, visigino vigusane na ukuta, miguu iachane kidogo. Chukua kitabu kigumu, kiweke katikati ya mapaja, mgongo wake ukielekea juu, kisha ukipandishe mpaka kikae mahali ambapo kiti cha baiskeli hukaa. Mwambie mtu atie alama ukutani penye mgongo wa kitabu. Pima kutoka chini mpaka kwenye alama. Hicho ndicho kipimo chako cha mguu. Kiandike, maana utakitumia mara mbili.

Usikadirie kwa urefu wa mtu mzima mzima. Watu wawili wenye kimo kimoja huweza kupitana sentimita 5 au zaidi katika miguu, mmoja akiwa na miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na mwingine kinyume chake. Baiskeli ya ndugu yako huenda isikufae japokuwa mnavaa kanzu moja.

KUCHAGUA FREMU

Kipimo cha fremu huhesabiwa tangu katikati ya mhimili wa pedeli mpaka juu ya bomba linaloshika kiti. Baiskeli kubwa za kizamani, za mfano wa Kiingereza ambao baadaye ulitengenezwa pia India na China, aghalabu huwa za inchi 20, 22 au 24. Ili upate mwongozo wa fremu yako, zidisha kipimo cha mguu kwa 65, kisha ugawe kwa 100. Mathalan, mwenye mguu wa sentimita 80 atapata 52, yaani inchi 20 na kidogo. Mtu huyo akiuziwa fremu ya inchi 24 amebebeshwa mzigo usio wake.

Hesabu ni mwongozo tu. Hukumu yenyewe ni kuvuka bomba. Panda juu ya baiskeli bila ya kukaa, miguu miwili ikanyage chini sawasawa, nyayo nzima. Kati ya mwili wako na bomba la juu lazima pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Pasipobaki nafasi, iache baiskeli hiyo hata ukipunguziwa nusu ya bei. Atakayefunga mzigo nyuma ana haja zaidi ya nafasi hiyo, kwa kuwa mzigo ukianza kuyumba ni mguu wake tu utakaomwokoa.

Fremu ndogo kidogo ni afadhali kuliko kubwa kidogo, kwa maana kiti huweza kupandishwa. Lakini nayo isizidi udogo, ama magoti yatagonga usukani.

Wanachama wetu wanawake, na wazee ambao nyonga zimekaza, twawashauri watafute baiskeli isiyokuwa na bomba la juu. Hupandwa na kushukwa kwa urahisi, nguo haishikwi, na mzigo hubebwa kama kawaida. Hapana aibu kwa mwanamume kuipanda. Aibu ni kuanguka.

KITI

Hapa ndipo twakitumia tena kipimo cha mguu. Zidisha kwa 88, ugawe kwa 100. Mwenye sentimita 80 atapata 70 na nukta 4. Huo ndio urefu wa kuanzia, tangu katikati ya mhimili wa pedeli mpaka juu ya kiti, ukifuata bomba la kiti. Kisha hakikisha kwa mwili. Kaa juu ya kiti, mtu akushikie baiskeli, shusha pedeli moja mpaka chini kabisa, uweke kisigino juu yake. Mguu unyooke kabisa bila ya kiuno kuinama upande. Ukisogeza mguu ili ukanyage kwa sehemu pana iliyo nyuma ya vidole, goti litapinda kidogo. Huo ndio urefu sawa. Fanya jaribio hili na kile ukivaacho siku zote. Kama hupanda kwa kandambili, vaa kandambili.

Baiskeli kuukuu zina hila moja ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Bomba dogo linaloshika kiti huweza kushikwa na kutu ndani ya fremu, hasa kwetu huku penye hewa ya bahari. Basi kabla ya kulipa, mwambie muuzaji alegeze nati, na kiti kipande na kushuka mbele ya macho yako. Kisipokwenda, baiskeli hiyo ina kipimo kimoja tu, nacho ni cha mwenyewe wa kwanza. Na ukikipandisha kiti, hakikisha kwamba sentimita 6 au 7 za bomba lake zimebaki ndani ya fremu. Likibaki fupi zaidi litapinda au kuvunja fremu.

Kiti chenyewe kilale sawa, pua yake isielekee mbinguni wala ardhini. Mtu anayekaa wima hutia uzito wake karibu wote juu ya kiti, kwa hiyo yampasa kiti kipana chenye springi. Anayeinama mbele hugawa uzito kati ya kiti na mikono, naye kiti chembamba humfaa zaidi. Usidanganywe na kiti chenye sifongo nyingi. Kwa mwendo mfupi ni raha, lakini kwa mwendo mrefu mtu huzama ndani yake na kuchubuka.

USUKANI

Kwa raha ya mwili, usukani uwe sawa na kiti au juu yake kidogo. Ushikapo, viwiko vipinde kidogo, mabega yawe yamelegea, na uweze kutazama mbele bila ya kukaza shingo. Ikiwa mikono imenyooka kama miti, usukani uko mbali mno. Kila shimo la barabara litakufika mabegani. Umbali huu hutokana na urefu wa bomba la juu, ambalo haliongezwi wala halipunguzwi. Kiti chaweza kusogezwa mbele au nyuma sentimita chache, na ile shingo ya usukani yaweza kubadilishwa kwa fupi au ndefu, lakini zaidi ya hapo hapana dawa.

Mwili wenyewe utakwambia kosa liko wapi. Goti likiuma mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Likiuma nyuma, au kiuno kikiyumba kulia na kushoto, kiti kiko juu. Mikono ikifa ganzi, usukani uko chini mno au pua ya kiti imeinama. Shingo na mabega yakiuma, usukani uko mbali. Rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja, nusu sentimita au sentimita moja, kisha upande siku mbili tatu kabla ya kugusa jingine.

BAISKELI ZA MBIO

Siku hizi vijana wetu hununua zile baiskeli nyepesi za mbio, zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Si mbaya kwa barabara ya lami na kwa mwenye mgongo wa ujana. Kwa atakaye raha, atafute yenye bomba la juu fupi, na ashike sana juu ya usukani, si kwenye mapindo ya chini. Jambo kubwa ni mipira. Mpira wa milimita 23 hujazwa upepo mwingi na huwa mgumu kama jiwe. Kila kokoto utaihisi. Tazama kama fremu na breki zina nafasi ya kupitisha mpira wa milimita 28 au 32. Ikiwa nafasi ipo, huo ndio ununuzi bora, kwani mpira mpana kidogo, usiojazwa kupita kiasi, hupunguza mtikisiko kuliko kiti chochote. Ikiwa haipo, na njia ya kwenda shambani kwako ni ya udongo, iache.

KUKAGUA KILICHOTUMIKA

Baiskeli ikikukaa vizuri, sasa ndipo uitazame kama fundi.

Fremu: tazama mabomba yanapokutana na shingo ya mbele. Rangi ikiwa imekunjamana au imepasuka upande wa chini nyuma ya shingo, baiskeli hiyo ilipata kugonga kitu. Kisha chukua uzi, ufunge penye mhimili wa gurudumu la nyuma upande mmoja, uuzungushe mbele ya shingo, uurudishe mpaka upande wa pili, uukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikipitana zaidi ya milimita 3, fremu imepinda.

Magurudumu: yainue na kuyazungusha, ukitazama penye breki. Ringi likiyumba kidogo fundi atalinyoosha kwa spoku. Likiruka juu na chini limeharibika. Lishike gurudumu ulitikise upande kwa upande. Likicheza, gololi zataka kukazwa au kubadilishwa. Fanya hivyo pia kwa mikono ya pedeli. Mara nyingi ni kile chuma kidogo cha kabari kilicholegea, nacho ni rahisi.

Mnyororo: pima pini 24 zinazofuatana, tangu katikati ya pini ya mwanzo mpaka katikati ya ile inayofuata baada ya hizo 24. Mnyororo mzima hutimiza inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi umekwisha, na huenda meno yamekwisha pamoja nao. Meno yaliyolika huwa yameinama kama mapezi ya papa.

Mipira: soma namba zilizoandikwa ubavuni. Mipira miwili huweza kuitwa inchi 28 na isiingiliane, kwa kuwa kipenyo cha ringi ni milimita 635 kwa mmoja na 622 kwa mwingine. Andika namba hizo, uende dukani kuuliza kama mpira wa namna hiyo hupatikana. Baiskeli ya kigeni isiyo na mpira kisiwani ni pambo la ukutani.

Breki: usiridhike kuzijaribu pakavu. Mwagia maji ringi, kisha ujaribu. Ringi la chuma likilowa hukawia sana kushikwa, la aluminiamu hushikwa upesi zaidi. Mkulima wa karafuu hupanda baiskeli penye mvua na miteremko, kwa hiyo jaribio hili si la kupuuzwa hata kidogo.

MENO NA VILIMA

Anayekaa upande wa Micheweni, penye nchi tambarare, hana shida kubwa na vilima. Lakini wenye mashamba katika vilima na mabonde ya magharibi wafikiri juu ya meno. Baiskeli yenye meno 48 mbele na 18 nyuma, kwa gurudumu la inchi 28, huenda karibu mita 6 kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Ni nyepesi barabarani, lakini mlimani utashuka usukume. Ukitia friwili ya meno 22 nyuma, mwendo kwa kila mzunguko hupungua mpaka kama mita 5, na mguu hupata nafuu ya karibu moja kwa tano. Friwili ni kitu cha bei ndogo. Magoti yaliyoharibika hayana duka.

BEI NA KARATASI

Bei ya kweli si ile aitajayo muuzaji. Andika kila kitakachohitaji kubadilishwa, umwulize fundi wako (si fundi wa muuzaji) gharama yake, kisha ujumlishe. Mara nyingi ile iliyoonekana rahisi huwa ghali kuliko jirani yake. Tazama pia namba iliyopigwa katika chuma cha fremu, chini ya mhimili wa pedeli au karibu na kiti. Ikiwa imekwanguliwa, ondoka. Ikiwa ipo, iandikwe katika stakabadhi pamoja na majina ya muuzaji na mnunuzi, mbele ya Sheha au mashahidi wawili. Baiskeli ya wizi hurudi kwa mwenyewe, nawe fedha zako hazirudi.

KWA UFUPI

Jipime mguu nyumbani. Vuka bomba kwa nyayo nzima. Hakikisha kiti kinapanda na kushuka. Kaa, ushike usukani, uipande kwa nusu saa na si kuzunguka uwanja tu. Pima kwa uzi. Jaribu breki kwa maji. Andika stakabadhi. Rangi uitazame mwisho kabisa.

Yule karani wetu amepona, na sasa hupanda baiskeli ya fremu ya inchi 20 aliyojichagulia mwenyewe. Rangi yake imebabuka, lakini husimama mlimani na mzigo wake na nyayo zake ziko chini. Tumeweka futi, uzi na kitabu kigumu katika kila ofisi ya tawi, naye amekubali kuwapima wanachama katika tawi lake. Na ninyi wenye kuwanunulia watoto wenu au vibarua wenu, twawaomba jambo moja: nendeni pamoja nao, na muwaulize kabla ya kulipa. Sisi hatukuuliza.

Twawatakia mavuno mema na safari za salama.